Mtoboa Mapaa na Mkewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Paa, na jina lilimkaa vizuri, maana hakuwa na kazi aliyoipenda kuliko paa la gari. Milango iliyobonyea aliigonga akilazimika. Mabampa aliyatengeneza huku amekunja uso. Lakini mletee gari lililotobolewa juu, na mama huyo ataiacha chai yake ipoe bila hata kuikumbuka. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana na kovu dogo la cheche chini ya kidevu, na alikuwa na tabia ya kulizunguka gari mara tatu kabla ya kumsalimia mwenyewe. Wateja wapya walidhani ana maringo. Wa zamani walisubiri mzunguko wa tatu uishe, ndipo wakajuliana naye hali.

Gereji yao ilikuwa ua wa ukuta wa matofali, nusu umeezekwa kwa mabati, nusu wazi. Mbele, karibu na geti, palikuwa mahali pa mumewe. Nyuma, penye kivuli, palikuwa pake. Mumewe aliitwa Keria, naye jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa amefunga juu ya magari ya watu kila kinachoweza kufungwa: keria za mizigo, vibao vya teksi, antena ndefu, spika za matangazo, na taa nne nne za kumulikia porini kwenye magari ambayo hayakuwahi kuliona pori hata kwa picha. Ukitaka kitu juu ya gari lako, uliambiwa nenda kwa Keria. Naye alitia alama kwa chaki, akafumba jicho moja, akawasha keekee, akatoboa.

Kisha mambo yakageuka. Magari yaliuzwa, na aliyenunua hakutaka kibao cha teksi ya mtu mwingine. Mwenye taa nne alipata mvi akaanza kuona haya. Keria zilishika kutu zikawa zinapiga filimbi barabarani. Kila kilichoondolewa kiliacha matundu, na matundu hayo yaliingia getini, yakapita mbele kwa Keria, yakaishia nyuma kwa Mama Paa. Majirani walipata la kusema. Walisema nyumba ile haiwezi kulala njaa, mume anatoboa na mke anaziba. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Keria mwenyewe.

Mtu asidhani kuziba tundu la paa ni kazi ya kupaka tu. Wako mafundi, na Mama Paa hakuwa na subira nao hata chembe, waliojaza tundu kwa puti kutoka juu, wakapiga msasa, wakapuliza rangi, na gari likaondoka linang'aa utafikiri limetoka kiwandani asubuhi ile. Mvua mbili tatu baadaye puti inaachia pembeni, maji yanapita chini yake, na dari ya kitambaa inayanywa kimyakimya. Mwenye gari anakuja kujua siku viti vinaponuka. Yeye hakukubali. Alishusha dari yote kwanza alione bati kwa ndani. Alikata kutu yote, hata kama tundu la kuingia kidole litageuka la kuingia kikombe. Alichonga kiraka cha bati lenye unene uleule, akakichomelea nukta moja huku na nukta moja kule, na kila nukta akaipoza kwa kitambaa chenye maji. Paa ni bati pana na jembamba. Ukilipa moto mwingi mahali pamoja linavimba, na ukilibonyeza linaruka kwa mlio kama mfuniko wa debe. Likifika hapo, ligonge mpaka uchoke, halirudi.

Ujuzi huo aliupata kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mjomba alimpa kipande cha bati na kingine cha kukiunga nacho, akamwambia aunge bila kupinda. Miezi mitano alipinda. Mwezi wa sita mjomba alikichukua kile kipande, akakilaza juu ya meza, akakigusa pembe zote nne kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Mjomba akakiacha palepale, akaenda zake kunywa maji, na binti akaenda nyuma ya pipa la mafuta machafu akalia kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka. Sifa nyingine kutoka kwa mjomba hakuipata mpaka mzee huyo anazikwa, na wala hakuihitaji.

Mume pia aliletwa na paa. Alikuja kijana mrefu, mcheshi, mwenye uso wa mtu aliyeharibu kitu, na gari la watu lenye keria iliyokaa kombo. Alikuwa ametoboa matundu mawili upande mmoja na mawili upande mwingine, na hayakutazamana. Mwenye gari alikuwa anarudi jioni. Mama Paa, ambaye wakati huo hakuwa mama wa mtu, aliyaziba yale mawili mabaya, na muda wote wa kuyaziba alimpa kijana maneno yake. Alimwambia kwamba mtu asiyeweza kupima hapaswi kupewa keekee, apewe ufagio. Kijana alisikiliza yote, akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi bila gari, amevaa shati safi, akasema amekuja kuuliza kuhusu huo ufagio.

Huyo ndiye Keria. Maneno hayakumwishia, na kazi yake tangu siku ile aliipima mara mbili. Kulikuwa na jambo moja hasa alilojivunia. Mafundi wengine walikaza nati chuma kwa chuma, na maji yakafuata bolti yakaingia ndani mvua ya kwanza tu. Yeye alichukua tyubu kuukuu ya tairi, akaikata kwa mkasi wa cherehani wa mama mkwe wake, mikato sita, akapata pete ya mpira yenye pembe sita. Pete hiyo aliitia ndani, kati ya nati na bati, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Aliwaambia wateja kwamba kazi yake haivuji, na siku ikivuja wamwite ailambe. Na kweli haikuvuja. Watu waliamini, na mkewe aliamini, miaka ishirini.

Ilikuwa miaka tisa kabla ya haya ninayoyasimulia ndipo Mama Paa aliposhusha dari ya gari moja la muuza mbao, akaikuta pete ya pembe sita mahali pake, imekazwa barabara. Akaibandua. Chini yake bati lilikuwa limeoza. Alilisukuma kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi ikapita. Siku chache baadaye likaja gari la pili, kisha la tatu, na kote ikawa hivyo. Hakuhitaji kufundishwa maana yake. Maji yalikuwa yakifuata bolti kama kawaida yake, yakifika kwenye mpira yanazuiwa, hayapiti, hayakauki. Yanakaa hapo kati ya mpira na bati mwaka baada ya mwaka, yanakula. Waliofungiwa chuma kwa chuma walivujiwa mapema, wakapiga kelele, wakatengenezewa. Wa Keria walikaa raha mustarehe chini ya mapaa yanayooza, wakimsifu.

Alidhamiria kumwambia jioni ya siku ya gari la tatu. Lakini mwaka ule Keria alikuwa ametoka kuugua. Alilala miezi mitatu, akainuka amekonda, anatembea na fimbo, na wateja wake walikuwa wameshazoea kwenda kwingine. Jioni hiyo alikaa kwenye kiti mlangoni na kumwambia mkewe kwamba hata kama asingeinuka kitandani, asingekuwa na neno, kwa sababu magari yake yako barabarani na hakuna hata moja linalovuja. Mama Paa alikuwa na ile pete mfukoni. Aliyameza maneno yake, akaenda kuweka chai motoni.

Akasema atasubiri apone. Alipopona, binti yao alikuwa karibu kuolewa, na nyumba ilijaa wageni. Baada ya wageni kulikuwa na sababu nyingine, na baada ya hiyo nyingine, na jambo likishalala muda mrefu kiasi hicho linakuwa zito kuinua. Si kwamba hakujaribu kabisa. Alijaribu kwa kuzunguka. Alimnunulia vasha za dukani za kuweka chini ya nati, Keria akazitumia kusawazisha mguu wa meza. Alimwambia siku hizi kuna keria za kubana kwenye ukingo wa mlango, hazitoboi kitu, Keria akasema hizo ni za watu wanaoogopa gari lao. Basi akaacha. Alitoa amri kwamba mtu yeyote asishushe dari ya gari kabla yake, na mumewe akaichukulia kuwa ni nongwa ya fundi, akaiheshimu. Pete alizokuta hakuweza kuzitupa, maana Keria ndiye aliyefagia ua na jicho lake halikukosa kitu, wala kuzichoma, maana mpira unanuka mtaa mzima. Alizitia kwenye kopo la rangi lililokwisha, akalifunika kwa matambara. Na mbele, karibu na geti, mumewe aliendelea kufunga keria moja moja za wateja waliobaki, kwa tyubu na mkasi uleule.

Mwanamke huyu hakuwa mwongo. Ungemwuliza, angekuapia kwamba hajawahi kumdanganya mumewe hata siku moja, na angeamini.

Mwaka wa tisa binti yao alijifungua mtoto wa pili, na Mama Paa alikwenda kukaa naye siku nne. Alimwachia Keria maagizo mengi kama anamwachia nyumba mtoto: magari yapokelewe, yafunikwe turubai, yasifunguliwe. Siku ya tano alirudi mchana, na begi begani na harufu ya kichanga bado nguoni, akakuta gari jeupe la Mwalimu limesimama nyuma, mahali pake, dari imeshushwa na kukunjwa vizuri kwenye kiti cha nyuma. Mwalimu huyo alikuwa mstaafu, mteja wao wa siku nyingi, ambaye siku hizi alipeleka wajukuu wanne shule kwa gari hilo. Keria alikuwa amekaa kwenye benchi la mkewe. Alimpokea begi, akamwuliza hali ya mtoto, hali ya mama yake mtoto, kama njiani kulikuwa na jua. Aliuliza yote hayo kwa sauti ya chini, na hakutia utani mahali popote. Hapo Mama Paa akajua.

Ilikuwa hivi, kama alivyomweleza. Mwalimu alikuja siku ya pili, akasema kwa upole kwamba mjukuu wake mmoja analalamika kudondokewa maji kichwani. Keria alimcheka. Akamwambia hiyo ni mipira ya kioo cha mbele, paa hilo alilifunga yeye kwa mkono wake. Mwalimu akasema huenda, yeye si fundi. Na kwa kuwa Keria hakupenda hata hiyo huenda, akakiuka amri ya mkewe, akashusha dari pale pale Mwalimu akiwa amesimama, ili amwonyeshe bati kavu. Alipoigusa nati ya kwanza, nati, pete na kipande cha paa vilimdondokea vyote kwenye kiganja, na mwanga wa jua ukaingia. Mwalimu hakulaumu. Alisema tu kwamba ataacha gari, atawapeleka watoto kwa miguu, na akaondoka na mwavuli wake. Keria alisema angependa zaidi kama angetukanwa.

Pete ilikuwa juu ya benchi. Keria aliisogeza kwa kidole.

"Hii ndiyo ya kwanza wewe kuiona?"

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na Mama Paa aliuona uko wazi. Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema, wangekaa wakashangaa pamoja, wakalaumu tyubu za siku hizi, na mambo yangekwisha. Alisimama na viatu vya safari miguuni, akaitazama ile pete, akaona aibu.

"Hapana," alisema.

Alikwenda kwenye kona, akaondoa matambara, akaleta kopo. Keria aliliinamisha, akalimwaga juu ya benchi. Pete zilitoka nyingi, nyingine zimekauka na kupasuka, nyingine bado laini, zote za pembe sita. Hakuzihesabu. Alizitazama kitambo kirefu kama mtu anayejaribu kukumbuka ni za nani na nani.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipougua."

Midomo ya Keria ikawa inacheza kidogo, anapiga hesabu ya miaka. Mama Paa alikuwa amejiandaa kwa miaka tisa kwa ajili ya dakika hii. Alikuwa na maneno ya kumtuliza, kwamba hakuna fundi asiyekosea, kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri, kwamba watu bado wanampenda. Alikuwa tayari kumshika asianguke. Lakini Keria hakuonyesha dalili ya kuanguka.

"Gari la Mwalimu nililifunga nikiwa nimeshapona," alisema. "Nimeshaacha fimbo. Ulikuwepo, mama."

"Nilikuwepo."

"Ulinishikia keria upande wa pili. Nati ulinipa wewe mkononi, moja moja."

Mama Paa alikumbuka. Alikumbuka hata jua la siku ile, na jinsi alivyokuwa akijiambia kwamba moja tu haitadhuru.

"Nilidhani utavunjika moyo," alisema baadaye.

"Ningevunjika. Ningevunjika wiki moja, nikanuna, ukanichoka. Halafu ningeacha." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata maini mkewe. "Kumbe miaka tisa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na watu huko nje ndio wanaodondokewa. Yale mapaa ya mwanzo ni yangu, sikujua nilichokuwa nafanya. Haya ya mwisho ni yetu."

Aliinuka, akachukua ufagio, akaenda kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Siku mbili zilizofuata walifanya kazi bila maneno mengi. Hawakununiana. Aliyeombwa koleo alilileta. Aliyeulizwa kama anataka chai alisema anataka. Mama Paa alilala chali kwenye viti vya gari la Mwalimu, akakata kutu yote, na kwenye tundu moja alilazimika kukata mpaka karibu na ubavu wa paa. Moto ulikuwa unamtii, lakini kichwani hakukuwa na utulivu. Kwa miaka yote hiyo alijihesabu kuwa ndiye mwenye kubeba mzigo, yeye mkubwa, mumewe mdogo. Alimchukulia kama kikombe chenye ufa. Na alichomnyima hakikuwa aibu tu, alimnyima nafasi ya kuacha. Kila alipofikiria hivyo alisimamisha kazi, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Aliliziba paa lile vizuri kuliko alivyowahi kuziba jingine. Mwalimu alipokuja kulichukua, Keria alimweleza yote mwenyewe, wamesimama kando ya mlango wa gari, bila kupunguza na bila kutia chumvi. Mwalimu alisikiliza, akapapasa paa kwa kiganja, akasema yeye naye alifundisha kosa moja la ramani kwa miaka kumi na mbili kabla mwanafunzi mmoja hajamsahihisha, na bado hukutana na watu wazima mjini walioshika kosa lake. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya mwalimu isiyo na ukali, kama yako magari mengine.

Keria alisema yako. Mengine alikuwa akiyaona kila siku.

Asubuhi ya siku iliyofuata alivaa shati safi, akanyoa ndevu, akachukua kofia. Mama Paa alimwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya soko, maana wafanyabiashara wengi wa pale aliwafungia yeye, na zipo keria ambazo bado ziko juu. Hakumwambia aje. Hakumwambia abaki. Mama Paa alimtazama akivuka geti, mrefu, mgongo umepinda kidogo siku hizi, akajua kwamba mume wake anakwenda kujianika mbele za watu peke yake kwa kazi ya watu wawili. Alivua aproni ya ngozi, akafunga geti kwa kufuli saa mbili asubuhi, jambo ambalo majirani walilijadili mpaka mchana, akamfuata. Alimfikia kwenye kona. Keria alipunguza mwendo, wakaenda sambamba.

Gari la kwanza walilolikuta lilikuwa la mama mmoja muuza magodoro, gari refu la kijani kuukuu, na juu ya keria yake yalikuwa magodoro matano yamefungwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa anakaza fundo la mwisho. Alimtambua Keria, akafurahi, akamsalimu kwa kelele. Alisema alikuwa akimtaja juzijuzi tu, kwamba keria yake ina miaka sita sasa na haijawahi kutikisika.

Keria alifungua mdomo, na maneno ambayo hayakuwahi kumwishia tangu siku ile ya ufagio yakamwishia. Alivua kofia, akaivaa tena. Mama Paa alikuwa karibu aseme badala yake, lakini alijizuia, kwa kuwa kusema badala yake na kunyamaza badala yake alishafanya vya kutosha.

"Dada," Keria alisema hatimaye, "hii keria tuliifunga vibaya. Bati lako linaoza chini ya nati. Lete gari kwetu, tulifungue, tulitengeneze. Hatutakutoza kitu."

Muuza magodoro alicheka, akidhani ni utani wake wa kawaida. Alipoona hawacheki, akaacha. Alifungua mlango, akachungulia dari, akaipapasa kwa mkono. "Mbona haivuji hata tone?"

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," alisema Keria, akamweleza habari ya mpira na maji, polepole, huku akionyesha kwa vidole viwili jinsi maji yanavyokaa kati. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalipanda juu kwenye magodoro, yakashuka kwenye kiti cha nyuma, mahali ambapo bila shaka watu wake walikaa kila siku, na furaha ikamtoka usoni.

"Na mmejua lini?" aliuliza.

"Wiki hii," alisema Keria, upesi, kabla mkewe hajavuta pumzi.

Mama Paa alimtazama mumewe kwa pembeni. Alikuwa ametazama mbele, macho makavu, amesimama kama mtu aliyemaliza kusema. Alikuwa amemfunika, hivyohivyo, mbele ya mtu ambaye mkewe alimkosea, na angemfunika kwenye kila gari la uwanja ule mpaka la mwisho. Mama Paa alihisi jinsi kufunikwa kulivyo, na hakukupenda.

"Yeye amejua wiki hii," alisema. "Mimi nimejua miaka tisa."

Muuza magodoro aliwatazama wote wawili, mmoja kisha mwingine, halafu akageuka akaanza kulifungua fundo alilokuwa amelikaza. Lilikuwa limebana. Keria alikwenda upande wa pili wa gari, Mama Paa akabaki upande huu, wakaanza kushusha magodoro.